Betri za Nereida

Ukuta kati ya saluni yangu na karakana ya Gildo ni wa tofali moja, na fundi aliyeujenga alikuwa na haraka ya kwenda kwingine. Kila Gildo anapojaribu sabufa mpya, vioo vyangu vinatetemeka, rola zinacheza vichwani mwa wateja, na kama kuna mwanamke aliyekuja kunyooshwa nywele kwa ajili ya harusi, anashika mikono ya kiti na kuniuliza kama ni tetemeko la ardhi. Namwambia hapana, mwanangu, huyo ni Gildo, kaa utulie nisikuunguze sikio. Mimi naitwa Zunilda, nina saluni hapa mjini Moca tangu sijaota mvi, na sina tabia ya kumung'unya maneno. Nimemwitia polisi mtu huyu mara nyingi, na kila mara polisi walipoondoka nilimpelekea kahawa, kwa sababu Nereida, mkewe, alikuwa shoga yangu, na mimi ndiye niliyemshika binti yao siku ya ubatizo. Ndiyo maana ananiita komadre na mimi namwita kompadre, hata tunapogombana.

Jina lake kamili ni Leovigildo Almánzar. Ni mfupi, tumbo limetangulia, na mfukoni hakosi kipande cha waya. Ukimpa kalamu aandike jina lake ataandika kwa shida, lakini mpe gari bovu lisilo na hata redio, jioni atakurudishia kitu kinachokung'oa meno ya bandia. Vijana wanamletea magari kutoka Santiago na hata kutoka mji mkuu. Wanafika na kiburi chao, miwani ya jua, minyororo shingoni, na Gildo anawaweka kwenye ndoo zilizopinduliwa na kuwahutubia kama padri.

"Waya huu mnene unatoka kwenye betri," anawaambia, "na kabla haujaenda popote unapita kwenye fyuzi. Hapa hapa, karibu na betri. Usiniambie fyuzi utaweka wiki ijayo. Wiki ijayo gari litakuwa majivu."

Waya wa umeme anaulaza chini ya zulia upande mmoja wa gari, na zile waya nyembamba zinazobeba muziki kutoka kwenye redio anazipitisha upande wa pili, kwa sababu zikilala pamoja zinagombana kama mama mkwe na mke wa mwanawe, na spika inaanza kunguruma hata muziki ukiwa umezimwa. Halafu inakuja sehemu ya ethi, ule waya unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari. Hapo anachukua msasa na kukwangua rangi ya gari ndani ya buti mpaka chuma king'ae. Kijana mmoja mwenye gari jipya alisimama akalia machozi ya kweli aliposikia msasa ukipita. Gildo hakumhurumia hata kidogo. Alimwambia kwamba rangi haipitishi umeme, na kama anataka rangi aende akanunue picha.

Mwisho wa kazi hasikilizi kwa masikio. Anawasha, anafungua sauti, anaweka kiganja kifuani mwa mwenye gari na kungoja. Kifua kikitikisika vya kutosha, anaitikia kwa kichwa na kwenda kunawa. Mimi naona hiyo ndiyo shida yake yote. Mtu aliyezoea kusikia kwa kiganja, maneno yatamfikaje?

Sasa, sabufa kubwa inakula umeme vibaya sana. Betri ya gari haitoshi, na Gildo akipungukiwa umeme anakuwa kama mlevi aliyepungukiwa pombe, anatazama huku na huku. Na nyumbani kwake, nyuma ya jiko, palikuwa na betri mbili kubwa za inveta.

Kwetu umeme unakuja unapotaka na kuondoka unapotaka. Nyumba yoyote inayojiheshimu ina inveta na betri zake, na betri hizo zinatunzwa kuliko ng'ombe wa maziwa: zinafutwa vumbi, zinatiwa maji safi, mgeni haruhusiwi kuziwekea hata glasi juu. Mwanamume anaweza kuuza kitanda na mtaa ukamvumilia. Lakini kugusa betri za nyumba ni jambo jingine, na kwa Nereida lilikuwa jambo jingine zaidi, kwa sababu Nereida anaoka keki. Keki zake ni za ghorofa, zenye povu jeupe la mayai na sukari, na povu lile likikosa feni na friji katika joto la Julai halina subira.

Mara ya kwanza Gildo alipoazima zile betri, Nereida alizungumza. Mara ya pili alizitupa koleo zake mtaroni. Mara ya tatu palikuwa na keki ya harusi, ghorofa tatu, bibi harusi yuko njiani kuja kuichukua, na umeme ukakatika. Inveta ikatoa mlio mdogo, ti, ikanyamaza. Nereida akaenda nyuma ya jiko akakuta waya mbili zinaning'inia. Bibi harusi alipofika, ghorofa ya tatu ilikuwa imeshateremka hadi ya kwanza, na wale wachumba wadogo wa plastiki walikuwa wamezama hadi kiunoni.

Betri zilikuwa ndani ya buti la gari la Gildo mwenyewe, kwenye mashindano ya muziki wa magari. Alishinda. Alirudi jioni na kombe refu kama mtoto wa darasa la kwanza, akaingia akiita jina la mkewe, na hakukuwa na mtu wa kumwonyesha. Nereida alikuwa amefunga virago, amekwenda La Guázuma, kijijini kwa mama yake, juu milimani.

Wiki ya kwanza Gildo alijifanya mwanamume. Alikula maandazi ya dukani na kusema ni mazuri. Wiki ya pili ukuta wangu ulinyamaza, na wateja wakaanza kuniuliza kama jirani amefariki. Halafu Jumamosi moja, saluni imejaa, akaingia akakaa chini ya mashine ya kukaushia nywele, kati ya wanawake wawili wenye rola, kama naye amekuja kutengenezwa.

"Komadre, hapokei simu."

"Ningekuwa mimi, hiyo simu ningeshaitupa mtoni."

"Namtumia ujumbe. Anausoma. Hajibu."

"Basi umejibiwa."

"Twende wote," akasema. "Wewe anakusikiliza. Mimi nikifika peke yangu, mama yake atanifungulia mbwa."

Mwanamke wa kulia kwake akasema chini ya rola zake kwamba mbwa wa watu asilishwe uchafu. Gildo hakumsikia. Alikuwa ameinamisha kichwa, na nikaona kwamba shati lake limepigwa pasi upande mmoja tu, ule wa mbele. Nilimhurumia na nikakasirika kwa sababu nimemhurumia. Nikamwambia Jumatatu, kwa sababu Jumatatu nafunga.

Jumatatu alikuja ameoga, amenyoa, gari linang'aa. Nilikuwa nimejitengeneza nywele mwenyewe asubuhi ile, zimelala vizuri, sijui kwa nini nilidhani zitafika. Nilimuuliza swali moja tu kabla sijaingia.

"Muziki utapiga?"

"Kidogo tu, komadre. Wa kumsalimia."

Kidogo cha Gildo nakijua, lakini niliingia. Njia nzima alikuwa anafanya mazoezi ya maneno kwa midomo bila sauti. Tulipofika kwenye daraja la kuingia La Guázuma alisimamisha gari, akajifuta jasho, akaniambia kwamba tangu wakiwa wachumba alikuwa akimpelekea Nereida nyimbo za mapenzi za bachata kutoka hapa darajani, ili ajue anakuja apate muda wa kujipaka poda. Nikamwambia siku zile alikuwa na redio ya kubeba begani. Alikuwa ameshafungua sauti.

Sikuwa nimewahi kukaa ndani ya gari la Gildo likiwa linaimba. Kilichonipata siwezi kukieleza vizuri. Matumbo yalihama. Mkoba ulitembea wenyewe mapajani. Nywele zangu, kazi ya saa nzima, zilisimama, zikaanguka, zikasimama tena. Tukapanda kilima namna hiyo, kuku wanaruka ua, mabati ya nyumba yanaimba pamoja na sisi, parachichi likadondoka kwenye boneti, pa, na Gildo anatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili.

Watu wakaanza kutoka barabarani. Mzee mmoja akavua kofia na kuipunga kuelekea chini, chini, chini. Gildo akadhani anasalimiwa. Akampungia mkono na kuongeza sauti.

Mimi ndiye niliyeona viti. Vilikuwa vimepangwa mistari mbele ya nyumba ya mama yake Nereida, chini ya turubai, na juu ya viti hivyo wanawake wamevaa nyeusi na nyeupe, rozari mkononi, wote wamegeuza shingo kututazama. Nilinyoosha mkono nikazima gari kwa ufunguo.

"Kompadre," nikamwambia, "hapa kuna msiba."

"Wapi?"

"Hapa. Pote."

Kwetu mtu akizikwa, nyumba inakaa matanga siku tisa. Kila jioni rozari, na katika siku hizo hakuna redio, hakuna ngoma, hata mtoto anayepiga filimbi anafinywa. Siku ya tisa ndiyo ya kufunga, watu wanatoka hata vijiji vya mbali, na hiyo ndiyo siku aliyoichagua Gildo. Aliyekufa ni don Abelardo, mjomba wake Nereida, na hakuna aliyempigia Gildo kumwambia, wala mimi, nisije nikamfikishia. Simu zilikuwa zimelala upande ule kwa hasira.

Doña Eufemia, mama mkwe, alikuja mpaka dirishani. Ni mwanamke mwembamba, mrefu, asiyepandisha sauti kwa sababu hajawahi kuhitaji.

"Gildo. Siku nane hapa hata kijiko hatujakigonga kwenye sufuria."

"Mama mkwe, sikujua. Nani amekufa?"

"Abelardo."

Gildo alishika usukani kwa mikono miwili akalia. Sitamtania kwa hilo. Abelardo ndiye aliyesimama upande wake alipokuja kuposa, wakati ukoo mzima ulisema fundi redio hafai. Alilia waziwazi, bila kujificha, na baadhi ya wale wanawake wakalegea kidogo. Lakini Nereida alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na sinia la kahawa. Alimtazama, akageuka, akaingia ndani, na mimi namjua Nereida. Akikufokea una bahati. Akikupa kisogo umekwisha.

Ilibidi nimfuate jikoni. Alikuwa anakata jibini vipande vipande vya kupewa wageni na biskuti, na kisu kilikuwa kinafanya kazi kubwa kuliko jibini lilivyohitaji.

"Amekuja kuomba radhi," nikasema.

"Nimesikia. Hata wafu wamesikia."

"Msikilize tu, shoga. Ukimkataa, mkatae baada ya kumsikiliza. Mimi nimefunga safari na nywele zangu zimekufa."

Alinitazama nywele, na nusura acheke. Akafuta mikono, akatoka. Gildo alikuwa kando ya gari, amesimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa mbele.

"Umekuja kufanya nini?" Nereida akamuuliza.

"Kukuomba radhi. Kwa ajili ya zile betri."

"Ziko wapi?"

Gildo alinitazama. Mimi nikatazama kuku.

"Ziko wapi, Gildo?"

"Zipo."

"Fungua buti."

Alifungua polepole, kama mtu anayefungua barua ya hakimu. Zilikuwa zimekaa mle, betri mbili za Nereida, zimefungwa kwa mkanda, zimepigwa brashi, vichwa vyake vimepakwa grisi mpya, na kuzizunguka taa ndogondogo za buluu kama mtakatifu wa kanisani. Kati yake, mdomo wazi, ile sabufa.

Nereida aliinama akazitazama, moja, halafu ya pili. "Umetoka Moca," akasema mwishowe, "umepanda milima yote hii, kuja kuniomba radhi kwa ajili ya betri zangu. Na betri zangu ndizo zinazokupigia muziki."

"Nilitaka uzione mwenyewe kwamba ni nzima. Nimezitia maji."

"Umezitia maji."

"Safi. Ya chupa."

Niliuma mkanda wa mkoba nisicheke. Mungu atanisamehe, palikuwa na msiba, lakini niliuma mkanda ule mpaka leo una alama. Nereida hakuuma kitu. Alisema, "Nenda nyumbani, Gildo," kwa sauti ya mtu aliyechoka, na akaanza kuondoka. Nikajua sasa yamekwisha. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kumfariji njiani.

Umeme ukakatika.

Kwa La Guázuma si habari, lakini saa ile ilikuwa ni saa ya rozari ya mwisho, na kispika kidogo walichoazima kanisani kikafa. Watu walikuwa wamejaa uwanja wote mpaka barabarani. Msalishaji, doña Tomasina, bibi mdogo kama kifaranga, alikuwa ameongoza sala siku nane mfululizo na sauti imemkauka. Akafungua mdomo, wa mstari wa kwanza wakamsikia, wa mstari wa pili wakauliza amesema nini.

Doña Eufemia alitazama umati ule wote, kisha akatazama gari. Niliona jinsi jambo lile linavyomuuma.

"Hicho kitu chako," akamwambia Gildo, "kinaweza kutoa sala, au kinatoa kelele tu?"

"Sala, mama mkwe. Hata sala."

Nereida alisimama. Hakurudi, lakini alisimama, na Gildo aliona. Akarukia kazi. Akaligeuza gari kinyumenyume mpaka buti likatazama waombolezaji, akachukua kipaza sauti cha kanisani, akapiga magoti, waya mdomoni, mikono inakimbia. Na hapo ndipo alipokosea, kosa ambalo fundi mwingine yeyote asingelifanya. Katika maisha yake yote hajawahi kupeleka sauti mahali pengine ila kwenye sabufa. Mikono ilikwenda yenyewe. Kwenye amplifaya kuna swichi inayochuja sauti nyembamba ili sabufa ipate nzito tu. Aliifungua hiyo, ili sauti ya bibi ipite, akaona amemaliza.

"Tayari, doña Tomasina. Sali."

Bibi akashika kipaza sauti kwa vidole viwili, akasema kwa sauti yake ya kifaranga, "Kwa jina la Baba."

Kilichotoka kwenye buti kilikuwa sauti ya mwanamume ndani ya pipa. Sauti nene, ya polepole, inayotoka chini ya ardhi na kupanda kwa miguu ya viti. KWA. JINA. LA. BABA.

Viti vikaanza kuanguka. Mstari wa nyuma wote uliingia shamba la mihogo. Yule mzee wa kofia alipita mbele yangu kwa mwendo ambao daktari wake hangeuruhusu. Mwanamke mmoja alizimia kwa utaratibu, akichagua kwanza mahali pa kuangukia. Na doña Tomasina, ambaye kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake mwenyewe, alipiga magoti kwenye kokoto.

"Abelardo," akasema, na buti likasema pamoja naye, ABELARDO, "ule mkungu wa ndizi, nisamehe. Ulikuwa upande wako wa shamba. Mmoja tu."

MMOJA TU, ikasema sabufa.

"Miwili," akasema bibi, akilia.

Gildo alizima. Doña Eufemia alikuwa ameshavua kandambili ya mguu wa kulia na ameishika mkononi, na mtu mzima yeyote wa kijiji kile anajua maana yake. Gildo aliiona. Hakukimbia. Nadhani alikuwa amefika mahali ambapo kandambili ingekuwa nafuu.

Aliyekuja ni Nereida. Alipita katikati ya viti vilivyoanguka, akasimama nyuma ya mumewe.

"Toa besi," akasema.

"Nikitoa besi hapabaki kitu. Zimebaki spika za milangoni, zile za kiwandani. Hizo ni za kusikilizia habari."

"Toa."

Nimemwona Gildo akifunga sabufa zaidi ya ninavyoweza kukumbuka. Sikuwa nimewahi kumwona akifungua moja. Alichukua bisibisi, akaitazama, akainama ndani ya buti, na zile skrubu alizozikaza mwenyewe zikamtoa jasho. Alizing'oa waya za sabufa akazisukuma pembeni. Akatoka, akafungua milango yote minne, akavuta waya nyingine kutoka kwenye amplifaya mpaka kwenye zile spika ndogo. Moja ilikuwa fupi, haikufika vizuri, haikuwa na kibano. Akaishika kwa vidole.

"Sali, doña," akasema.

Bibi alikataa. Ilibidi doña Eufemia amwambie jambo sikioni, akiwa bado na kandambili mkononi. Bibi akakiinua kipaza sauti kwa mbali, kama kinang'ata.

"Kwa jina la Baba," akasema, na kutoka milango minne ikatoka sauti yake mwenyewe, nyembamba, safi, kila neno na kichwa chake na miguu yake. Ikaenda mpaka barabarani. Ikaenda mpaka kwenye mihogo. Mmoja mmoja watu wakaanza kurudi, wakijipangusa udongo, wakiinua viti, wakijifanya walikwenda kukojoa.

Rozari ya kufunga matanga ni ndefu. Inasaliwa yote, na litania, na sala za wafu wa ukoo, na kila mtu ana marehemu wake wa kuongezea. Muda wote ule Gildo alikuwa amepiga magoti kando ya mlango wa gari, waya kati ya vidole, mkono umenyooshwa. Akisogea, sauti inakatika. Hakusogea. Mbu walimjia shingoni na hakuwapiga. Jasho lilimwingia machoni na hakulifuta. Midomo yake ilikuwa inaitikia, nikaona anaitikia mahali panapostahili, kumbe alikuwa anasikia.

Katikati ya litania Nereida aliinuka kwenye kiti chake, akaenda akasimama nyuma yake, na akampiga kofi la shingo, kofi la kweli, lililosikika. Akaangalia kiganja, akafuta yule mbu kwenye aproni, akabaki amesimama hapo hapo. Aliwapiga wengine wawili kabla sala haijaisha, na sina hakika wote walikuwa mbu.

Baadaye tulikunywa kahawa ya tangawizi. Madhabahu ndogo waliyomwekea Abelardo chini ya turubai ikavunjwa, picha yake ikaingizwa ndani, mishumaa ikazimwa. Doña Eufemia alinipa fungu la mihogo, na alipofika kwa Gildo alisimama kidogo, akamwambia kwamba Abelardo angecheka. Hakusema zaidi, na kandambili ilikuwa mguuni. Doña Tomasina alikuwa pembeni na mjane wa Abelardo, wanazungumza habari za ndizi.

Tulikuwa tumeshakaa kwenye gari, mimi mbele, Gildo ameshika ufunguo na haugeuzi, ndipo Nereida akatokea na begi lake. Akafungua mlango wa nyuma.

"Usijidanganye," akamwambia. "Naenda na betri zangu. Nikikuachia peke yako zitaishia kwenye gari la nani, sijui."

"Sawa," akasema Gildo.

Redio haikuwashwa. Hakuna ambaye angethubutu, mvumo wa sala ulikuwa bado masikioni. Tulishuka kilima, tukavuka daraja, na kwa kitambo palisikika matairi tu na mihogo yangu ikigongana. Halafu Nereida akaanza kusema. Hakugomba. Alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kuzungumza mezani. Alianza na keki, jinsi bibi harusi alivyoitazama bila kusema kitu, na jinsi hilo lilivyomuuma kuliko matusi. Akaenda kwa mjomba wake, ugonjwa ulivyoanza na mguu. Akamweleza kwamba siku ya mazishi alishika simu kumpigia, akaiweka, akaishika tena. Akamwambia mambo ya zamani pia, ya miaka ambayo binti yao alikuwa mdogo, mambo ambayo mimi komadre wake nilikuwa sijawahi kuyasikia, na Gildo, kwa uso wake, alikuwa hajawahi pia.

"Hilo hukuniambia," akasema mara moja.

"Nilikuambia," akasema Nereida. "Nilikuwa jikoni. Wewe ulikuwa unajaribu sabufa."

Gildo akapunguza mwendo. Nilidhani kuna shimo. Hapakuwa na shimo. Alikuwa anaendesha kama anayebeba mayai, na malori yanatupita, na pikipiki zinatupita, na punda mmoja karibu atupite. Alikuwa anauliza. Ikawaje? Na mama yako akasema nini? Na wewe? Sijawahi kumsikia mtu huyu akiuliza swali lisilohusu waya. Mimi nilikuwa na njaa, miguu imekufa ganzi, na kesho yake nilikuwa na vichwa vinanisubiri alfajiri, na kwa kawaida ningeshasema. Nilitazama dirishani nikanyamaza.

Tulifika mtaani giza limeshaingia. Alisimamisha gari mbele ya nyumba yao, akazima injini, na Nereida hakukatisha hata neno. Alikuwa ameinama mbele, viwiko kwenye mgongo wa kiti, na Gildo ameligeuza bega lake zima kumtazama. Nilichukua mihogo yangu. Nikashuka, nikaufunga mlango taratibu kwa mikono miwili, wasije wakakumbuka kwamba wamefika.